Ziwa kugeuka kijani: mwani hauna kosa, mtaa ndio umeuharibu

Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, Mwanza, nimeshuka majini kunyoosha miguu maana kwa shemeji walikuwa bado wamelala, nikakuta ziwa la kijani. Sio kijani cha mbali kile cha kwenye picha, hapana, kijani kizito cha ufukweni, kama mtu kamwaga ndoo za rangi ya mafuta usiku, na pale mawe yanapoingia majini utando umejikunja kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka. Mama mmoja kavua kandambili kaingia mpaka magotini, anausukuma ule utando kwa ubavu wa mkono, huku na huku, halafu anazamisha ndoo harakaharaka kabla haujarudi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba baba, nikamuuliza haya maji ni ya kufulia au mpaka ya kunywa.

"Tunachemsha," akasema, kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

Huyo mama nitamrudia. Mimi nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokuwa imetupwa pale, nikaisuuza, nikaijaza ule uji wa kijani nikaenda nao nyumbani, shemeji akaniangalia tu hakusema kitu. Nikaiweka dirishani. Kabla ya mchana kijani chote kilikuwa kimepanda juu kimejipanga kama kifuniko cha vidole viwili, chini maji karibu meupe, na ukitikisa kinachanganyika, ukiacha kinapanda tena. Siku ya nne ikaanza kunuka, na hapo ndio nikaona kitu ambacho sikutegemea, maji ya chini yakaanza kuwa bluu, bluu ya kung'aa kama ile ya kuweka kwenye nguo nyeupe zamani. Wale wadudu walikuwa wanakufa na rangi yao ya ndani inavuja.

Nasema wadudu kwa mazoea tu. Huyo kiumbe wataalamu wanamwita Microcystis, ni wa ukoo wa sayanobakteria, na sisi mtaani tunamwita mwani ingawa hana undugu na ule mwani wa baharini akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar wanaolima. Ni bakteria aliyejifunza kula jua. Seli yake moja huioni kwa macho ila wanaishi kwa mafungu ndani ya ute, na kila seli ina vipuli vidogo vya hewa, ndio maana wanaelea, maboya kabisa yaliyojengwa ndani. Wakishiba jua wanatengeneza wanga, wanga unawapa uzito wanashuka, usiku wanautumia wanakuwa wepesi wanapanda tena. Asubuhi kama hakuna upepo unawakuta wote juu, na hapo ndio mama anapowakuta na ndoo yake.

Sasa kabla hatujaanza kuwatukana, huu ukoo ndio uliotupa hewa. Miaka kama bilioni 2.4 iliyopita hewa ya dunia ilikuwa haina oksijeni ya maana, hawa ndio walioanza kuimwaga kama takataka ya chakula chao, na viumbe wengi waliokuwepo wakati huo naamini waliiona ni sumu tupu. Uchafu wa mmoja, pumzi ya mwingine. Kwa hiyo mimi hii tabia yetu ya kugawa vijidudu wazuri kule, wabaya huku, kama tangazo la sabuni linaloua asilimia 99.9, siiafiki, na nina sababu, maana huu ukoo mmoja wa sayanobakteria nimeuona unafanya kazi tatu tofauti kwenye maziwa ambayo ukipanda basi unayazunguka ndani ya wiki moja. Kwenye moja wanalisha ndege milioni, kwenye jingine wanaua samaki, na pembeni ya lile la kwanza wanaua haohao ndege. Jamaa ni walewale, kilichobadilika ni mtaa waliokaa na majirani waliowakuta.

Tuanze na wanaolisha. Panda kaskazini mpaka Natron, chini ya volkeno ya Ol Doinyo Lengai, au vuka mpaka uende Bogoria na Nakuru. Haya ni maziwa ya magadi, maji yanakuja na chumvi za volkeno, jua linakausha, hakuna mto unaotoka, chumvi inabaki inajilimbikiza. Ukinawa mikono Natron unahisi utelezi kama umeshika sabuni, kwa sababu kweli ni karibu sabuni, na kwenye matope ya pembeni joto linapanda kiasi kwamba ukivua viatu utaruka. Ungesema hapa hakiishi kitu. Kumbe hapo ndipo sayanobakteria mwingine, Arthrospira, anaponawiri, uzi mdogo uliojiviringa kama springi ya kalamu, na ananawiri kwa sababu wapinzani wake karibu wote wameshindwa. Ugumu wa pale umemfukuzia majirani. Ni kama fundi aliyefungua kibanda kijiji ambacho hakuna anayetaka kuhamia, kazi zote zake.

Anayemla ni heroe mdogo, flamingo kama wengi tunavyomwita. Mdomo wake umepinda vile kwa sababu anakula kichwa kimeinama juu chini, ndani una vichujio vya nyuzi vinavyolingana na ukubwa wa zile springi, anavuta maji kwa ulimi anayasukuma nje, springi zinabaki. Ndege mmoja anakula kama gramu 70 za mwani mkavu kwa siku. Piga hesabu, Bogoria kuna nyakati wanafika milioni na zaidi, hizo ni tani 70 kila siku za kitu usichokiona bila hadubini, na ile rangi ya pinki watalii wanayoilipia ni rangi ya kwenye chakula, sio ya ndege mwenyewe. Wanawake wa Kanem kule Chad wanamchota huyohuyo Arthrospira kwenye vidimbwi vya magadi, wanamwanika juani akawa kama chapati, wanauza sokoni kwa ajili ya mchuzi, na wewe famasi ya mjini unamnunua kwa jina la spirulina kwenye kichupa cha vidonge kwa bei ya kuku wawili halafu unasema vijidudu ni wabaya.

Ila ndege akitoweka Nakuru watu wanauliza ujangili au moshi wa mji, mara chache sana wanauliza kuhusu chakula. Kuna utafiti ulichapishwa 2014 kuhusu Nakuru ambao mimi naupenda sana, waligundua kwamba virusi vinavyoshambulia Arthrospira vilikuwa vingi kupita kiasi ndani ya yale maji, mwani ukaanguka, na heroe nao wakapungua. Yaani kirusi ambacho hakimjui flamingo, hakiwezi hata kumuumiza, kinaamua kama hoteli itapata wageni mwezi huo. Halafu kuanzia kama 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yakaanza kujaa, Nakuru ikapanda ikameza barabara na geti, Baringo na Bogoria zikasogeleana mpaka 2020 watu wakaogopa zitaungana, na maji ya mvua yakayazimua magadi. Chumvi ikipungua fundi wetu anapata majirani, na huwa hawezi ushindani. Maji yakawa mazuri zaidi kwa kipimo cha binadamu na ndege wakahama.

Hapohapo Bogoria ndio utaikuta kazi ya pili. Pembeni ya ziwa kuna chemchemi za moto, watu wanachemsha mayai pale, na kwenye mifereji yake kuna mazulia ya kijani na chungwa, tabaka juu ya tabaka, ukikata kipande unaona mistari kama keki. Juu wanakaa sayanobakteria wanaotaka jua, chini yao bakteria wa zambarau wanaotumia mwanga uliobaki, chini kabisa wale wasiotaka hata kusikia habari ya oksijeni, kila mmoja anakula kilichodondoka kutoka kwa wa juu. Mtaa wa ghorofa kabisa. Miaka ya 90 na kuendelea heroe walikuwa wanakufa kwa maelfu, na watafiti walipopima haya mazulia wakakuta sumu za ini na za mishipa ya fahamu, na vipande vya zulia vikaonekana tumboni mwa ndege waliokufa. Ndege wanakuja kwenye chemchemi kunywa na kuoga maana maji pale hayana chumvi kali, wanameza na vipande vya zulia. Wengine wanasema sababu zilikuwa nyingi, metali nzito na magonjwa pia, na mimi sina ugomvi nao. Ila angalia tu, umbali wa hatua chache kati ya sahani na sumu, na wote ni wa ukoo mmoja.

(Kwa pembeni kidogo: vijidudu vya haya maziwa ya Kenya vilishachukuliwa nje miaka ya 90, vimeng'enya vyake, zile protini zinazoharakisha kazi za kikemia, vikaingia kwenye sabuni za kufulia na kwenye kazi ya kupausha jinzi, kwa sababu kitu kinachofanya kazi kwenye magadi kinafanya kazi pia kwenye povu. Mwaka 2004 Kenya ikaja juu kudai haki yake. Jinzi yako iliyopauka vizuri huenda ina deni Bogoria, na sisi tunaendelea kuita lile ziwa "chumvi tu".)

Haya, turudi Victoria, kazi ya tatu, ndio iliyonifanya niandike.

Ziwa Victoria ni kubwa, kilomita za mraba karibu 68,800, lakini ni sahani, sio kisima, pale penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80 tu, wakati Tanganyika inashuka mita 1,470. Maji yake mengi yanaingia kwa mvua na mengi yanaondoka kwa jua, Mto Nile pale Jinja unatoa sehemu ndogo. Maana yake ni kwamba kitu ukikitupa humo hakiondoki kesho. Na watu zaidi ya milioni 40 wanaishi kwenye bonde lake, nchi tano, ukihesabu Rwanda na Burundi ambao mito yao inaingia kupitia Kagera.

Zamani wenye hili ziwa walikuwa diatomu, hasa mmoja anaitwa Aulacoseira, mwani wa vioo, seli yake imejengewa nyumba ya silika. Ni wazito, wanahitaji upepo uwakoroge wasizame, na wanahitaji silika. Kuanzia kama miaka ya 60 fosforasi, kirutubisho kinachokuza mwani na mimea, ikaongezeka ziwani. Ilitoka wapi? Kila mtu ana mtu wake wa kumnyooshea kidole, viwanda, maji taka ya miji, mbolea, mmomonyoko wa mashamba ya milimani, na vyote vina haki yake, ila sehemu kubwa sana inadondoka kutoka angani, vumbi na majivu. Ule moto wa kusafisha shamba unaoona kila kiangazi, ukiangalia vizuri, moshi wake unarutubisha ziwa. Hii huwa naisema kwenye vikao vya familia na hainipi marafiki.

Fosforasi ikiwa nyingi, diatomu wakaongezeka, wakatumia silika, ikapungua, na maji ya juu yakazidi kupata joto yakakataa kukorogeka na ya chini. Wazito wakazama. Kilichopungukiwa sasa kikawa naitrojeni, na hapa ndio wenye ujuzi wao wakaingia, maana hewa hii asilimia 78 ni naitrojeni lakini karibu hakuna anayeweza kuila ikiwa hewa. Kuna sayanobakteria anaitwa Dolichospermum, chini ya hadubini ni uzi wa shanga, na kila baada ya shanga kumi hivi kuna moja nene, iliyopauka. Hiyo imejitoa. Kimeng'enya cha kukamata naitrojeni kinaharibiwa na oksijeni, sasa hawa kazi yao ni kutoa oksijeni, utafanyaje? Shanga moja inaacha kutoa oksijeni, inajijengea ukuta mnene, haitazaa tena maisha yake yote, inabaki kukamata naitrojeni na kuwapitishia ndugu zake, wao wanaipa sukari. Kama yule dada mkubwa aliyeacha shule wadogo wasome.

Maharage yana stori inayofanana, bakteria tofauti, tatizo lilelile. Ng'oa shina la maharage taratibu siku linapotoa maua, kwenye mizizi utaona vifundo kama punje za mtama, pasua kimoja kwa kucha, kikiwa pinki ndani ujue kazi inaendelea, kikiwa cheupe au cha kijani ujue umepewa wapangaji wasiolipa kodi. Ile pinki ni protini ndugu ya ile ya damu yetu, kazi yake kushika oksijeni isimharibie bakteria kimeng'enya. Mjomba wangu hajawahi kusikia neno bakteria kwa maana hiyo lakini anajua kabisa shamba lililolimwa maharage mwaka jana mahindi yake hayana njaa.

Sasa Microcystis wa kwenye chupa yangu hana huo ujuzi wa naitrojeni. Yeye anaishi kwa kuvizia, Dolichospermum akifa au akivujisha, yeye anachukua, na mvua ikishusha mbolea na vinyesi anachukua, na akishatanda juu anawazibia jua wote walio chini. Ndani ya ute wake wanaishi bakteria wengine kibao, wanakula sukari anayovujisha na kumrudishia hewa ya kaboni na virutubisho, na wapo wengine, hili ndilo linalonifurahisha, wanaoweza kuila hiyo sumu yake wakaimeng'enya. Hata kwenye uchafu ule kuna polisi jamii. Tatizo hawawahi.

Ile sumu inaitwa mikrosistini, inapiga ini. Na sasa ndio narudi kwa "tunachemsha". Kuchemsha kunaua kipindupindu, vizuri sana, endelea. Ila mikrosistini haiogopi moto, ukichemsha maji ya kijani unapasua seli tu na sumu iliyokuwa imefungiwa ndani unaimwaga kwenye maji yenyewe, halafu unaipooza unampa mtoto. Hii mama yule hajui kwa sababu hakuna aliyemwambia, miaka yote tumemfundisha kitu kimoja, chemsha, na kafanya alivyoambiwa.

Tena angalia ndoo hiyohiyo ilivyo na matatizo mawili yanayotaka dawa tofauti. Bakteria wa kipindupindu anapenda kujishikiza kwenye magamba ya vijidudu wadogo wa majini, wale kamba wadogo wadogo, na wale wanaongezeka mwani ukiongezeka. Bangladesh walichukua sari kuukuu wakaikunja mara kadhaa wakachuja maji, bila kitu kingine, na wagonjwa wa kipindupindu wakapungua karibu nusu, matokeo yalitoka 2003. Nguo haizuii bakteria, bakteria anapita, ila nguo inamkamata farasi wake, yule kamba mdogo aliyembeba. Kwa Microcystis kitambaa kinaweza kukamata yale mafungu makubwa, sumu iliyoshavuja kinaipitisha kama chai kwenye kichujio.

Na ukisema basi tuue, tumwage dawa, wenzetu walishajaribu. Kisiwa cha Palm, Australia, 1979, bwawa la maji ya kunywa lilijaa sayanobakteria, maji yakaanza kunuka, wakamwaga salfeti ya shaba. Mwani ukafa vizuri kabisa. Ukavuja sumu yake yote kwa mkupuo, na watu 148, karibu wote watoto, wakaugua ini na figo. Brazil, Caruaru, 1996, maji ya bwawa lenye mwani yalifika kwenye kituo cha kusafishia figo bila kutibiwa sawasawa, wagonjwa zaidi ya 50 wakafa. Ndio maana nikisikia mtu anapendekeza tupulizie kitu ziwani naishiwa nguvu.

Samaki nao. Mchana mwani unatoa oksijeni mpaka maji yanajaa, usiku wote, mwani na bakteria wanaokula uliokufa, wanaivuta, na kabla ya jua kuchomoza imebaki kidogo sana. Samaki huru anaogelea zake mbali. Sato wa kwenye kizimba anaenda wapi? Asubuhi mfugaji anawakuta wameelea matumbo juu, tani kadhaa, mkopo wa benki umelala pale majini. Na ugumu wa hii biashara ni kwamba chakula kinachodondoka chini ya kizimba na mavi ya samaki ni mbolea ya huohuo mwani, kwa hiyo mfugaji analilia kitu ambacho na yeye kachangia, kidogo, lakini kachangia. Simlaumu, namwonea huruma, ila vizimba kupangwa kwenye ghuba iliyojifunga ambako maji hayatembei ni kujitafutia.

Kuna na furu. Watu wa Kanda ya Ziwa wanajua furu, hawa samaki wadogo walikuwa na spishi mamia, na tumezoea kusema sangara aliyeletwa miaka ya 50 na 60 ndiye aliyewamaliza ilipofika miaka ya 80. Kweli kawala. Lakini mwaka 1997 watafiti waliofanya kazi Ghuba ya Mwanza walionyesha jambo jingine: furu jike anachagua dume kwa rangi, mwekundu au wa bluu, na maji yakiwa na ukungu rangi hazionekani, basi wanachanganyika, spishi zinayeyuka moja ndani ya nyingine bila mtu kumla mtu. Yaani mwani umeziba mwanga mpaka ndoa za samaki zimevurugika. Mimi nikisoma vitu kama hivi najiuliza nani tena alikuwa anahitaji sinema.

Kitu kingine ni kwamba mwani ukifa stori haiishi. Victoria kwa sababu ni sahani, unazama, bakteria wa chini wanaula wanamaliza oksijeni ya chini, na upepo ukikoroga yale maji yanapanda na mauti yake. Nenda Ziwa Kivu sasa, mpakani mwa Kongo na Rwanda, pale Goma na Rubavu, ziwa refu kina karibu mita 485, na maji yake hayakorogeki, ya chini ni mazito yana chumvi na gesi, yamekaa. Mwani unaokufa juu unazama kwenye giza lisilo na oksijeni, na kule wapo vijidudu wa kale kabisa, arkea, wanaomalizia kazi kwa kutoa methani, wengine wanaitengeneza kutokana na kaboni ya volkeno. Zimejikusanya kilomita za ujazo kama 60 za methani na kama 300 za hewa ukaa. Zikipanda ghafla ni msiba, Ziwa Nyos la Kameruni mwaka 1986 liliua watu kama 1,700 kwa hewa ukaa tu, na lile ni kidimbwi ukilinganisha. Lakini kidogokidogo inayopanda yenyewe haifiki juu, kwa sababu kwenye mpaka ambapo oksijeni inaanzia kuna bakteria wanaokula methani, wamekaa pale kama walinzi wa geti. Na Rwanda upande wa Karongi wanaivuta ile gesi kwa mabomba wanawasha umeme, megawati kama 26. Ukiwasha taa Kigali huenda unawasha mwani uliokufa zamani sana.

Kwa hiyo mwani uleule uliokufa huku unaua sato, kule unachemsha chai. Unaona kwa nini nasema usimuulize kijidudu ni mwema au mbaya, muulize anakaa wapi, anakula nini na jirani yake nani.

Na sisi ndio tunaoamua anakula nini. Kinachoniudhi ni kwamba bajeti zetu zinapenda kinachoonekana. Gugumaji lilipokuja mwishoni mwa miaka ya 80 likatanda, hapo tukaona mashine, mikutano, mbawakawa wakaletwa wakalila, picha nyingi. Sawa, gugumaji lilistahili. Lakini gugumaji lilikuwa linakula fosforasi ileile, ni dalili ya ziwa lililoshiba kupita kiasi, ukilitoa bila kupunguza chakula unampisha anayefuata. Wakati huohuo tunafukia mafunjo ya pembeni ya ziwa tujenge na tulime bustani, na kwenye matope ya mizizi ya mafunjo ndiko wanakoishi bakteria wanaoichukua naitrati ya mashambani na maji taka wakairudisha hewani kuwa gesi isiyo na madhara, bure, usiku na mchana, hawajawahi kugoma. Tunafuta kazi watumishi wasiolipwa halafu tunaomba mkopo wa mtambo.

Kipimo cha mikrosistini kwenye maji kipo cha ukanda tu, unachovya unasubiri, kama cha mimba. Ningependa kila anayetoa maji kutoka ziwani akipime majira ya kijani na abandike matokeo mahali watu wanapita. Ningependa pia kwenye redio, katikati ya taarabu na mpira, mtu aseme kwa Kiswahili cha kawaida: maji yakiwa na utando wa kijani usichote pale, sogea penye maji maangavu, kuchemsha hakusaidii kwa hili. Na samaki toa matumbo na ini utupe, sumu inapenda kukaa huko. Kwa dagaa anayeliwa mzima na utumbo wake sina jibu la haraka, naye ndiye kitoweo cha asiye na hela.

Asubuhi ile nilimwambia yule mama. Sio yote haya, nilimwambia tu kwamba kijani kina sumu na moto hauitoi. Akanisikiliza vizuri, kasimama na ndoo yake imeshajaa, juu yake vipande vya kijani vinazunguka taratibu. Akaangalia bomba la mtaa kule juu, lenye foleni ya madumu na maji hayajatoka tangu juzi, akaangalia ziwa.

"Sasa baba, unataka nikachote wapi?"

Nikamwonyesha upande wa pili wa jiwe kubwa ambako upepo ulikuwa haujasukuma utando. Akacheka. Akasema kule ndiko alikoanzia, wakamfukuza, maana ni mbele ya hoteli.